Kwa Nini Nazi Haihifadhiki Kama Mahindi

Soko la Tandale linajulikana Dar es Salaam nzima kwa nafaka. Mahindi na maharage yakikauka vizuri hukaa kwenye magunia kwa miezi na hayadai kitu. Mama muuza nazi kwenye genge la pembeni hana raha hiyo, maana bidhaa yake ikikaa sana huchipua, huoza au hugeuka mbata. Tofauti hiyo ndogo ya sokoni inawasumbua pia wanaotunza mbegu za dunia.

Mbegu ya mahindi au mtama hukaushwa, hufungwa isipitishe hewa, kisha huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikitunzwa hivyo huishi miaka mingi sana. Ndivyo linavyofanya kazi lile ghala la Svalbard, Norwe, lililofunguliwa mwaka 2008. Nazi haikubali. Ukiikausha, mche mchanga uliomo ndani hufa. Ukiigandisha ikiwa mbichi, maji yaliyomo hugeuka barafu yenye ncha inayopasua chembe hai. Wala huwezi kukata tawi la mnazi ukalipandikiza kama la mwembe, kwa sababu mnazi hauna matawi. Una kilele kimoja tu, na kikifa, mti umekwisha.

Kwa hiyo aina za minazi zimetunzwa zikiwa miti hai mashambani. Tena inahitajika miti mingi, kwa kuwa mnazi mrefu, huu wetu wa pwani, kwa kawaida huchavushwa na jirani yake, na kila nazi ni mtoto mwenye urithi wa pekee. (Kitamli, ule mfupi, hujichavusha mwenyewe zaidi, hivyo watoto wake hufanana.) Lakini shamba linaweza kuugua. Mkusanyo mkubwa wa minazi wa Afrika, ulioko Marc Delorme karibu na Abidjan, Kodivaa, umejikuta kati ya vitisho viwili: ugonjwa wa minazi uliozuka nchini humo, na jiji linalotanuka kuelekea shambani. Mkazi yeyote wa Kinondoni anaelewa hilo la pili bila kufafanuliwa.

La kwanza pia tunalijua. Pwani yetu ina ugonjwa wa kunyong'onyea, unaoletwa na vijidudu vinavyoishi ndani ya mishipa ya utomvu. Nazi changa hudondoka, maua huwa meusi, makuti hugeuka manjano, mwishowe kilele huanguka na kubaki gogo lililosimama kama nguzo ya umeme. Dawa ya kuuponya mti hakuna. Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi ulioanza mwaka 1979, ambao kituo chake cha Mikocheni leo ni TARI Mikocheni, ulijaribu aina nyingi kutoka nje. Nyingi zilikufa. Miongoni mwa minazi mirefu ya hapa hapa, baadhi ya makundi yalistahimili kuliko mengine. Tuliangalie jambo hilo vizuri: kinga iliyotafutwa ng'ambo ilikuwa imejificha, walau kwa sehemu, katika miti ambayo hakuna aliyeithamini kwa ajili hiyo. Ingekuwa imekatwa yote, hata wa kuiulizia asingekuwepo.

Hapa ndipo baridi kali inapoingia. Kila mpishi anayajua macho matatu ya nazi. Chini ya lile laini kuna kiinitete, yaani mche mchanga, kidogo kuliko punje ya hindi. Mwaka 1992 watafiti Assy-Bah na Engelmann walieleza jinsi ya kukitoa, kukipunguza maji kwa saa chache, kukilaza kwenye sukari nyingi ili maji yaliyobaki yasifanye barafu, kisha kukitumbukiza kwenye naitrojeni ya majimaji yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kikipashwa joto upesi na kuoteshwa ndani ya chupa, chaweza kuwa mnazi. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu Katoliki cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha njia ya kuzidisha machipukizi ya mnazi maabara na kugandisha ncha zake. Katika chuo hicho ndimo unamotunzwa mkusanyo mkubwa wa migomba ya dunia, na ndizi za Afrika Mashariki zimo.

Sisi wa falsafa tunamkumbuka Aristotle hapo: mbegu ni mti katika uwezo, bado si katika tendo. Katika naitrojeni uwezo unatunzwa huku tendo likisimamishwa. Ila naitrojeni huvukiza, na lazima mtu aiongeze mwaka baada ya mwaka. Tena kiinitete kilichogandishwa hakipambani na ugonjwa mpya. Mnazi wa shambani hupambana nao kila siku. Kwa maoni yetu, baridi iwe akiba ya pili, na shamba libaki la kwanza.

Maparokia mengi ya pwani yana minazi mizee viwanjani. Ukiona mmoja umesimama na afya huku wenzake wote wamekufa, usiukate kupisha maegesho ya magari kabla ya kumwita afisa kilimo wa kata au watu wa Mikocheni waje kuutazama.