Toivo: jina la Kifini lililopata ukoo Namibia

Mashabiki wa Safari Rally wameyazoea majina ya Wafini: Hannu Mikkola aliyeshinda mwaka 1972, kisha Juha Kankkunen na Kalle Rovanperä. Kwa asili, hata hivyo, hayo si majina ya Kifini. Hannu na Juha yametokana na Johannes, yaani Yohana wa Biblia, na Kalle ni Karl wa Waswidi. Yaliingia kutoka nje yakalainishwa na ndimi za wanakijiji. Toivo ni la aina nyingine. Ni neno la kila siku la Kifini, maana yake tumaini, wala halikuazimwa kwa mtakatifu yeyote.

Maana hiyo peke yake haielezi mengi. Lenye uzito zaidi ni kwa nini wazazi walilipenda kuanzia karne ya 19. Ufini ilitawaliwa na Uswidi hadi 1809, kisha na Urusi, lakini Kiswidi kiliendelea kuwa lugha ya ofisi na ya wasomi. Hata kanisani, mtoto aliyeitwa Heikki nyumbani aliandikwa Henrik na mchungaji. Mkulima angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa bila jina lake kuandikwa hata mara moja kama mama yake alivyolitamka.

Elias Lönnrot alichapisha Kalevala, utenzi wa Kifini, mwaka 1835, na mwaka 1863 Tsar Aleksanda wa Pili akatoa amri ya kukipandisha Kifini hadhi. Katika vuguvugu hilo la kukikweza Kifini watu walianza kuchota majina ndani ya lugha yao: Urho (shujaa), Onni (bahati njema), Arvo (thamani), Toivo. Hili la mwisho lilikuwa na mizizi mirefu, kwa kuwa Wafini walilitumia neno hilo kuunda majina ya watu hata kabla ya Ukristo. Jina la ukoo Toivonen ni alama yake. Mwaka 1908 kalenda ya Ufini, ambayo huipa karibu kila siku majina yake, ilifanyiwa mageuzi na majina ya Kifini yakaingizwa kwa wingi. Kumwita mtoto Toivo zama hizo kulikuwa kuonyesha uko upande gani, wa Kifini au wa Kiswidi.

Kwa nini ni la kiume? Sarufi haina jibu. Kifini hakitofautishi mume na mke, hata katika neno la “yeye”. Rauha, yaani amani, wakapewa wasichana, Toivo wavulana. Ni desturi tu.

Wamisionari Walutheri kutoka Ufini walifika Ovambo, kaskazini mwa Namibia ya leo, mwaka 1870, na waliobatizwa wakapokea majina ya Kifini. Humo ndimo alimozaliwa Andimba Toivo ya Toivo mwaka 1924, mmoja wa waasisi wa chama cha ukombozi cha SWAPO. Ile “ya” ni Kibantu kitupu: Toivo wa Toivo. Makaburu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakiitawala nchi hiyo, walimfunga miaka 20 mwaka 1968, wakampeleka kisiwa cha Robben, akaachiwa 1984; Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 akawa waziri wa madini na nishati.

Ufini kwenyewe jina hili lilififia kwa muda, na sasa wazazi vijana wamelirudia. Kule Ovambo bado kuna akina Toivo, pamoja na akina Aino, Lahja na Rauha, waliorithi majina hayo kwa babu na bibi zao Waovambo.