Ukijenga Banda la Gari, Uangalie Kwanza Bomba la Moshi

Katika sehemu zetu za baridi, kama vile Limuru, Kinangop na Molo, nyumba nyingi za wakulima zina boila ya kuni ya kupashia maji ya kuoga. Boila hiyo kwa kawaida huwekwa nje, kando ya ukuta wa jikoni, na bomba lake la moshi hupanda kidogo tu na kuishia karibu na ukingo wa paa. Haliwi tatizo kubwa, kwa sababu upepo huuchukua moshi na kwenda nao.

Basi mkulima anapata pikapu. Anataka kuikinga na jua na mvua, naye anaona kwamba pale penye boila pana ukuta mzuri wa kuegemezea paa. Anasimamisha nguzo, anapigilia mabati, na bomba la moshi linabaki chini ya paa jipya. Boila ile ile iliyokuwa nje sasa imo ndani.

Wewe unayetaka kujenga banda la namna hiyo, fikiri habari ya boila kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza. Moshi unaopanda ukagonga bati hauna njia ila kusambaa, na mahali pa karibu pa kuingia ni dirisha lako, au nafasi iliyo kati ya ukuta na paa la nyumba. Pamoja na moshi huja hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hii haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na mwili hukosa hewa ingawa mtu anapumua. Watu wengi huogopa moshi mweusi, lakini makaa mekundu yaliyobaki usiku, yasiyotoa moshi hata kidogo, hutoa sumu hiyo kwa wingi. Ni hatari ile ile ya kulala na jiko la makaa chumbani.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Ni rahisi kudhani kwamba ni malaria. Ukiona watu wa nyumba nzima wanaumwa na kichwa pamoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, usingoje. Watoe wote nje, fungua milango na madirisha, uzime moto ikiwa waweza kufanya hivyo bila kukaa ndani, na umpeleke hospitali ye yote aliyelegea.

Hatari ya pili ni petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini kama maji. Mlango wa moto wa boila nao uko chini. Gari linalovuja kidogo, au debe la petroli lililofunguliwa karibu, latosha kuwasha banda na nyumba. Kwa sababu hiyo shauri letu la kwanza ni hili: ikiwa una upande mwingine wa nyumba, jenga huko. Kama huna, hamisha boila, au ujenge ukuta wa mawe kati yake na gari ili mlango wa moto uelekee nje kabisa. Kurefusha bomba peke yake hakutoshi ikiwa moto wenyewe unatazama tangi la gari. Banda lenyewe liache wazi pande mbili au zaidi, wala usije baadaye ukaziziba kwa mabati ili kuweka nyasi kavu za ng'ombe. Injini ya gari nayo hutoa kaboni monoksidi.

Sasa tuseme boila imekingwa, lakini bomba lake lapita mahali penye paa jipya. Bomba hilo lazima litokeze juu ya paa. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni kwamba lipande futi 3 au zaidi juu ya mahali linapotokea, tena lipite kwa futi 2 kitu cho chote kilicho karibu nalo kwa futi 10. Wengi hukosea hapa. Paa la banda huwa chini ya paa la nyumba, na bomba linaloishia kati ya hayo mawili hupigwa na upepo unaoanguka kutoka paa la juu, moshi ukarudishwa motoni. Kwa hiyo pima kutoka paa la nyumba, usipime kutoka paa la banda.

Usipunguze upana wa bomba. Boila yenye tundu la inchi 6 yataka bomba la inchi 6 mpaka juu. Bomba liende wima, na ikiwa ni lazima lipinde, liinamie kidogo tu; usilaze kipande kirefu. Moshi wa kuni mbichi ukipoa ndani ya bomba hugeuka kuwa lami nyeusi, na lami hiyo ikishika moto huwaka kwa ukali mno. Unapounganisha vipande, ncha nyembamba ielekee chini na kuingia ndani ya kipande kilicho chini yake, ili lami irudi motoni badala ya kuchuruzika nje. Weka kifuniko cha kufungulia pale chini uweze kutoa masizi. Nunua bomba la chuma cheusi kizito au chuma kisichoshika kutu. Bati lililopakwa zinki halifai karibu na moto, maana zinki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 420.

Mahali bomba linapopenya paa ndipo pa kuangaliwa zaidi. Mbao za saiprasi zilizokaa karibu na bomba la moto hukauka mwaka hata mwaka, mpaka siku moja zinawaka. Bomba lisilo na koti liwe mbali na mbao kwa mara 3 ya upana wake. Yaani bomba la inchi 6 liachiwe inchi 18 kila upande. Fundi atakuambia kwamba nafasi hiyo ni kubwa mno. Mwambie akate mbao na kuzungushia fremu, au ununue kipande chenye kuta mbili kilichotengenezwa kwa kazi ya kupenya paa. Mvua izuiwe kwa kola ya bati. Nafasi hiyo isizibwe kwa magunia wala vumbi la mbao. Bati la plastiki la kupitisha mwanga liwe mbali kabisa.

Kama bomba lako la zamani ni la asbesto, usilikate kwa msumeno. Vumbi lake huingia mapafuni na huweza kuleta kansa baada ya miaka mingi. Uliza afisi ya NEMA jinsi ya kuliondoa. Na kama boila yako ni ya gesi, vipimo tulivyotaja si vyake. Fuata maandishi ya mtengenezaji, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni.

Kazi ikiisha, washa moto mdogo jioni ya siku isiyo na upepo. Funga madirisha ya nyumba, kisha shika karatasi inayofuka moshi karibu na mlango wa boila. Moshi wake ukivutwa ndani, bomba linafanya kazi. Ukirudi usoni pako, zima moto na umwite fundi kabla hujamlipa fedha za mwisho. Jaribu tena siku ya upepo.