Kinga ya chura, hasara ya mwekezaji

Mwaka 1987 Michael Zasloff, daktari mtafiti katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alichapisha ugunduzi uliowavuta wenye mitaji. Alikuwa akiwapasua vyura wa Kiafrika wenye makucha ili achukue mayai yao, kisha anawashona na kuwarudisha kwenye maji yaliyojaa vijidudu. Vidonda vilipona bila kuoza. Kwenye ngozi zao alikuta peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zinazoua bakteria. Akaziita magainini, na haukupita muda kampuni iitwayo Magainin Pharmaceuticals ikaanzishwa Pennsylvania.

Silaha za namna hii zilikuwa zimeshaonekana kwa viumbe wengine. Mwaka 1981 kundi la Hans Boman nchini Sweden lilieleza sekropini kutoka kwa nondo, na miaka ya 1980 hiyohiyo watafiti wa California wakaeleza defensini za chembe nyeupe za damu. Mwili wa binadamu nao unazo: peptidi iitwayo LL-37 hulinda ngozi, mapafu na utumbo wetu. Peptidi hizi hufanya kazi kwa kasi. Utando wa bakteria una chaji hasi kwa nje, peptidi nyingi za aina hii zina chaji chanya. Zikikutana hunasana, peptidi hujichomeka na utando hutoboka. Chembe za mnyama mwenyewe hazina chaji kali ya namna hiyo, kwa hiyo husalimika kwa kiasi kikubwa. Bakteria akitaka kukwepa kwa kawaida itambidi abadili muundo wa utando wake, jambo gumu ingawa linawezekana.

Kwa sayansi ya namna hii, mtu angetarajia maduka ya dawa yawe yamejaa bidhaa zake. Hayajajaa, na mbali na matatizo ya kisayansi, sababu kubwa ziko kwenye hesabu za biashara.

Bidhaa ya kwanza kubwa ilikuwa peksiganani, krimu iliyotokana na magainini, ya kutibu vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Majaribio yalionyesha inakaribiana na ofloksasini, kidonge ambacho tayari kilikuwa sokoni. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa. Kampuni ilibadili jina kuwa Genaera na mwaka 2009 ikafungwa. Dawa ikachukuliwa na kampuni nyingine, Dipexium, lakini mwaka 2016 majaribio yake mawili yakashindwa kuonyesha nafuu kuliko krimu tupu. Peptidi za nguruwe, protegrini, nazo zilizaa iseganani, ambayo haikufika sokoni. Murepavadini ya Polyphor ya Uswisi, iliyobuniwa kwa kuiga protegrini, ilisimamishwa mwaka 2019 kwa sababu iliumiza figo za wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa.

Figo ni suala la sayansi, na halina mjadala. Gharama ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Penisilini hutengenezwa na kuvu kwenye matangi makubwa, kwa bei ya chini sana. Peptidi ya dawa kwa kawaida huungwa kiwandani, asidi amino moja baada ya nyingine, kwa mbinu aliyoianzisha Bruce Merrifield mwaka 1963. Peksiganani ina asidi amino 22, na kila kiungo kinadai kemikali, kuoshwa na kusafishwa. Halafu bidhaa hiyo ghali inapelekwa kushindana na vidonge vya bei ya karanga.

Hata anayeshinda hapati faida. Dawa mpya ya kuua bakteria huwekwa akiba ili usugu usienee, maana yake haiuzwi kwa wingi. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha plazomisini, ambayo si peptidi, Juni 2018. Aprili 2019 ilikuwa imefilisika. Mwaka huohuo, kwa makadirio ya watafiti waliochapisha katika jarida la The Lancet, bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Soko linalomwadhibu mwenye dawa wakati watu wanakufa kwa kuikosa ni soko lililovunjika, na sioni namna ya kulisema kwa upole.

Kwetu Afrika Mashariki mlango uliopo sasa ni mifugo. Funza wa nzi askari mweusi, wanaofugwa Kenya na Tanzania kwa taka za jikoni na sokoni na kufanyiwa utafiti na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, wana makumi ya jeni za peptidi hizi. Kinga hiyo huwasaidia kuishi kwenye uozo. Leo wanauzwa zaidi kama protini ya kuku na samaki. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umepiga marufuku kuchanganya antibiotiki kwenye chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwakuza, hivyo anayeweza kuthibitisha kwa vipimo kwamba unga wa funza wake unapunguza maradhi bandani atakuwa na bidhaa ya thamani nyingine kabisa.

Kwa dawa za binadamu, England imejaribu njia tofauti. Julai 2022 huduma yake ya afya ilianza kulipia antibiotiki mbili ada ya hadi pauni milioni 10 kwa mwaka kwa kila moja, bila kujali dozi ngapi zimetumika. Nchi zetu haziwezi kubeba mkataba kama huo kila moja peke yake. Lakini Bohari ya Dawa ya Tanzania tayari imekabidhiwa kuratibu ununuzi wa pamoja wa dawa kwa nchi za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), na mkataba wa ada kwa dawa za akiba unaweza kuanzia hapo, kabla dawa inayofuata haijazikwa pamoja na kampuni yake.