Sweta Mwezi wa Novemba

Anayeijua Kyela anajua kwamba Novemba hakuna mtu anayetafuta sweta. Hapa Ngana, mvua zikiwa bado hazijashika, hata kuku hushinda chini ya mikakao wakitweta. Kwa hiyo binti wa jirani, mwenye mtoto wa miezi sita, alipokuja kuniamkia na sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni, nilimvutia kigoda. Nimestaafu ukunga, macho hayajastaafu.

Ngozi yake ilikuwa kavu, sauti imekuwa nzito, nywele zinabaki kwenye kitana. "Bibi, nalala usiku kucha, naamka nimechoka." Mama mkwe alikwisha kutoa hukumu: uvivu. Nikamuuliza ya nyuma. Mtoto alipokuwa na miezi miwili, huyuhuyu alikuwa hatulii: moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, anakula vizuri na bado anakonda. Wakati ule walisema karogwa.

Kumbe ni ugonjwa mmoja. Mbele ya shingo kuna tezi dundumio, ambayo homoni zake ndizo zinazopanga kasi ya mwili mzima. Mwanamke akiwa mjamzito, kinga yake hupoa kidogo ili imvumilie mtoto. Akishajifungua huamka tena, na kwa baadhi ya wazazi huishambulia tezi hiyo. Tezi iliyojeruhiwa humwaga akiba yake yote ya homoni, moyo ukakimbia. Akiba ikiisha, kasi ya mwili hupungua. Huwapata kama wanawake 5 katika kila 100 ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Wengi hupona, wachache hubaki na vidonge maisha yote. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH. Yeye alipimiwa Mbeya, akaanzishiwa levothairoksini.

Ugonjwa wake haukuletwa na chumvi, ila siwezi kuitaja tezi hii nikaiacha chumvi. Hadi wiki ya 12 hivi ya mimba, mtoto tumboni hutegemea homoni za mama, na ubongo wake hujengwa kwa hizo. Homoni zenyewe haziwezi kutengenezwa bila madini joto: mjamzito na anayenyonyesha wanahitaji maikrogramu 250 kwa siku, watu wazima wengine 150. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu, uvimbe wa tezi hii kwa kukosa madini hayo. Miaka ya 1980 na 1990 watu waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini hayo, kisha zikaja kanuni za kuyatia kwenye chumvi. Mvua huyaosha udongoni, na usipa wetu wa ziwani, mtamu ulivyo, hauna madini joto kama samaki wa baharini. Basi nikiona chumvi ya gunia imeachwa wazi sokoni, au bakuli la chumvi limekaa karibu na jiko bila kifuniko, nagomba. Nunua ya pakiti, ifunike, itie chungu kinapokaribia kuipuliwa.

Anayenyonyesha asiiogope levothairoksini, haimdhuru mtoto. Akishika mimba nyingine awahi kliniki, kwa kuwa mara nyingi dozi huongezwa. Jambo moja wengi hawaambiwi: vidonge vya kuongeza damu huizuia dawa hii isiingie mwilini, hivyo viachane nayo kwa saa 4. Binti yangu huyu alikuwa anavimeza vyote pamoja na uji wa asubuhi. Sasa levothairoksini anaimeza alfajiri kwa maji matupu, vya damu anavimeza usiku.