Shosho au Soso? Herufi Moja, Makoo Mengi ya Mlimani

Siku ya soko Karatina, kwenye kibanda cha chai, wazee wawili wameketi benchi moja. Wa kwanza anaagiza: "Ndehera shai." Wa pili, aliyeteremka na magunia ya mchele wa Mwea, naye anaagiza: "Ndehera sai." Mama wa kibanda anamimina vikombe viwili na kuendelea na maandazi yake. Kijana aliyekuwa akichezea simu ndiye anayeinua kichwa na kucheka.

"Guka, hicho nacho ni Kikuyu gani?"

Mzee anapuliza chai. "Ni cha kwetu. Chako ulikitoa redioni."

Mzee wa mchele hakukosea. Wandia na Wagĩcũgũ wa Kirinyaga hawana sauti ya sh wala ch. Mahali pake huweka s. Hata jina Gĩcũgũ, wenyewe hulitamka kwa s. Fika Kerugoya uisikie lahaja ya Kindia ikiwa bado nzima. Shuka Kutus, mji wa vumbi na biashara, na utashindwa kujua nani ametoka wapi, maana ndimi zote zimekutana hapo. Songa mbele hadi Embu, na habari, ambayo Mkikuyu huiita ũhoro, inakuwa ũvoro. Mtu mwema si mwega tena bali mwaro. Hapo watu husema umeingia lugha nyingine. Mimi sijawahi kuuona mpaka wenyewe barabarani.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Kerugoya, nasi wajukuu tulimwita soso. Nilipoanza shule upande wa Nyeri, mwalimu aliandika ubaoni neno cũcũ, yaani nyanya, akanisimamisha nilisome. Nikalisoma vile nilivyomwita bibi yangu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akanirudisha mara tatu, mara nne, mpaka nikatoa "shosho" huku machozi yananilengalenga. Miaka mingi ilipita kabla sijang'amua kwamba ubaoni hapakuwa na sh. Palikuwa na c. Nilikuwa nimesoma sawasawa.

Herufi hiyo c ina hekima kuliko mwalimu wangu. Ni moja kwenye karatasi, lakini kila koo huipa sauti yake: wa Kiambu sh, wa Kerugoya s, na wapo wanaoikaribia ch. Tahajia ya Kikuyu iliacha mlango wazi. Waliokuja kuufunga ni watu.

Na sarufi yenyewe haikutoka mbali. Arthur Barlow, mmishonari wa misheni ya Kiskoti aliyehudumu Tumutumu, hapo tu juu ya Karatina, alitoa kitabu chake cha sarufi ya Kikuyu mwaka 1914. Kazi yake ya miaka mingi ndiyo iliyozaa kamusi kubwa iliyohaririwa na T. G. Benson na kutoka mwaka 1964. Kwa hiyo sarufi ilipikwa Nyeri. Sauti, hata hivyo, ilichukuliwa kwingine. Kati ya 1935 na 1937, chuo kimoja cha London kilimwajiri mtu wa Kiambu atamke maneno ili Lilias Armstrong achunguze matamshi na toni za Kikuyu. Mtu huyo aliitwa Jomo Kenyatta. Armstrong alifariki mwaka 1937, na kitabu chake kikatoka 1940. Wanaisimu wa ulimwengu waliokisoma walikisikia Kikuyu kupitia koo la rais mtarajiwa. Ongeza kwamba Kiambu imepakana na Nairobi, na kwamba vituo vya redio viko Nairobi, na utaelewa kijana wa kibandani alikitoa wapi kicheko chake.

Waandishi nao wametoka pande zote mbili, Kiambu na Nyeri. Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa wa Limuru. Gakaara wa Wanjaũ, aliyetwaa Tuzo ya Noma mwaka 1984 kwa shajara yake ya kizuizini, alikuwa wa hapa hapa Nyeri na kiwanda chake cha uchapishaji kilikuwa Karatina. Ukiwasoma, herufi ni zile zile.

Mimi si adui wa usanifu. Tazama tunavyoandikiana kwenye simu bila vile vialama vya juu ya i na u. Gũtũma ni kutuma. Gũtuma ni kushona. Mtoto akiandika "ndumira mbeca", mzazi hajui kama anaombwa pesa au anaombwa azishone. (Kwa kawaida anajua. Mtoto wa chuo haombi kushonewa.) Kanuni ya maandishi hapo ina kazi, na ningependa kila simu inayouzwa mlimani iwe na ĩ na ũ.

Waayalandi walilipitia jambo hili la usanifu. Mwaka 1958 serikali yao ilitoa sarufi na tahajia rasmi ya Kiayalandi kwa ajili ya shule na ofisi. Lakini kusini, magharibi na kaskazini mwa kisiwa, hata kumuuliza mtu hali yake kuna namna tatu, na sarufi hiyo rasmi haikuweka matamshi rasmi. Sisi wa Kiswahili tunajua uchungu wa upande wa pili: Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kimvita, chenye mashairi yake ya karne, kilisukumwa pembeni katika mji wake wenyewe, na hadi leo yuko mtoto wa Mombasa anayesahihishwa lugha ya mama yake na mwalimu aliyejifunza kitabuni.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, na mtaala wa sasa umezirudisha kwenye madarasa ya chini. Basi mwalimu unayesoma makala haya, uwe Othaya, Mukurwe-ini au Nyeri mjini: mtoto wa Kirinyaga akisimama kesho akasoma cũcũ kwa s, mpe alama yake.