Hadithi Moja, Vinywa Viwili: Nani Mwenye Neno la Mwisho?

Jioni moja wiki chache zilizopita, baada ya sala ya Isha, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, nakunywa kahawa tungu, mara nikasikia sauti zimepanda ndani ya nyumba. Nikadhani pana ugomvi wa mali. Nilipoingia nikamkuta binti yangu na kijana wa ndugu yangu wamekabiliana, huyu ameshika kitabu kinene, yule ameshika simu. Mzozo wao ulikuwa juu ya mtu ambaye hakupata kuzaliwa, shujaa mmoja mzee wa hadithi aitwaye Barristan Selmy. Je, amekufa au yu hai?

"Amekufa," asema kijana. "Nimemwona kwa macho yangu akiuawa kichochoroni."

"Yu hai," asema binti. "Soma hapa. Aliyemtunga hakumwua."

Kisha wote wawili wakanigeukia. "Ami," akasema kijana, "wewe ni mtunzi. Hebu tukate shauri."

Nami, niliyeandika mashairi na makala kwa zaidi ya miaka thelathini, sikuwa na la kusema papo hapo. Niliomba muda, nikasoma, nikauliza. Haya ndiyo niliyoyapata.

Asiyejua na ajue kwamba hadithi yenyewe ni ya Mmarekani George R. R. Martin, hadithi ndefu ya wafalme, majoka na kiti cha enzi kilichofuliwa kwa panga. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1996 na cha tano mwaka 2011. Mwaka huo huo wa 2011 kampuni ya televisheni ya HBO ilianza kuionyesha kwa jina la Game of Thrones, ikaendelea hadi Mei 2019, vipindi 73 katika misimu 8. Hata huku kwetu vijana waliifuata kwa king'amuzi, na kwa njia nyingine ambazo si kazi yangu kuziuliza. Sisemi kwamba yote yaliyomo yanafaa kutazamwa na mtu na mamake. Yamo ya aibu tele, na mwenye haya huinamisha macho. Lakini swali la wanangu halikuwa la aibu. Hadithi ikiwa na vinywa viwili, navyo vikapingana, ni kipi kihesabiwe?

UFITO WA KUPIMIA

Wenzetu wa ng'ambo wana neno la jambo hili, nalo ni ndugu wa damu wa neno letu kanuni. Sisi kanuni tuliipata kwa Waarabu, na Waarabu waliipata kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa jina la ufito ulionyooka wa kupimia, mfano wa ule aushikao seremala. Kutoka kwa Wayunani hao hao neno likapita kanisani, likawa jina la orodha ya vitabu vilivyokubaliwa. Baadaye wapenzi wa hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes wakalichukua kwa nusu mzaha. Wao huhesabu vitabu virefu 4 na hadithi fupi 56 za Arthur Conan Doyle, jumla 60, na chochote kilichoandikwa na mtu mwingine huwa nje ya ufito.

Kwa Holmes kazi ilikuwa nyepesi, kwani mtunzi alikuwa mmoja na kalamu moja. Katika mambo ya televisheni kuna mtunzi, kuna kampuni iliyonunua haki, kuna waandishi wa kuajiriwa, na kuna mamilioni ya watazamaji. Kila mmoja ana ufito wake mkononi, na fito hizo hazilingani urefu.

MFUASI ALIYEMPITA KIONGOZI

Mwanzoni hapakuwa na taabu. Televisheni ilikifuata kitabu kama mtoto afuatavyo nyayo za mamake mchangani. Kisha njia zikaanza kuachana kidogo kidogo. Catelyn Stark, mama aliyeuawa karamuni, katika kitabu hurudishwa akawa kiumbe kisicho huruma, kazi yake kulipiza kisasi. Katika televisheni akifa amekufa. Yuko kijana aitwaye Aegon, anayedai kuwa ni mwana wa mwanamfalme Rhaegar aliyedhaniwa kuuawa uchangani. Kitabuni habari zake ni nyingi, kwenye televisheni hayumo kabisa. Barristan naye aliuawa kwenye televisheni mwaka 2015, ilhali kitabuni angali ameshika upanga.

Ilipofika mwaka 2016, msimu wa sita, mfuasi akampita kiongozi. Vitabu vilivyokwisha kuchapishwa havikutosha tena kuwaongoza watengenezaji. Martin alikuwa amekwisha kuwaeleza nguzo kubwa za mwisho alioukusudia, lakini kuta na dari wakajijengea wenyewe. Mwaka 2019 mwisho ukaonyeshwa. Zaidi ya watu milioni 1 wakatia sahihi zao katika ombi la kutaka msimu ule wa mwisho utengenezwe upya. Haukutengenezwa.

Je, ule ni mwisho wa hadithi, au ni mwisho wa televisheni tu? Martin mwenyewe ameulizwa mara nyingi, naye hujibu swali kwa swali: Scarlett O'Hara alikuwa na watoto wangapi? Scarlett ni mwanamke wa katika kitabu cha Margaret Mitchell, Gone with the Wind, kilichotoka mwaka 1936. Kitabuni ana watoto 3. Katika sinema ya mwaka 1939 ana mmoja. Na hapana mahali pa kwenda kuwahesabu, kwa kuwa Scarlett hakupata kuwako duniani.

MWENYE MALI NA MWENYE NENO

Lakini wako wasiotosheka na jibu hilo. Wao wanataka amri, na amri hutolewa na mwenye mali. Mwaka 2012 kampuni ya Disney iliinunua Lucasfilm, yenye hadithi za Star Wars. Mwezi wa Aprili 2014 likatoka tangazo kwamba vitabu na hadithi za picha zilizochapishwa miaka mingi kwa idhini ya kampuni hazitahesabiwa tena, bali zitauzwa kwa jina la Legends, yaani visa vya kale. Mtu aliyevisoma vitabu hivyo tangu utoto alilala navyo vikiwa habari za kweli za ulimwengu ule, akaamka vimekuwa ngano, na ndani yake haikubadilika hata herufi moja!

Nisiwe mkali bure. Orodha rasmi ina kazi yake, nayo ni kazi ya kiwandani. Humwambia mwandishi wa kesho asimfufue aliyekwisha kuzikwa, wala asimwoze aliyekwisha kuolewa. Pasipo hiyo, hadithi ya mikono mingi ingekuwa kama nguo iliyoshonwa na mafundi kumi gizani. Taabu huja pale orodha ya kiwandani inapotaka kuingia kifuani mwa msikilizaji na kumwamuru nini akiamini na nini akisahau.

Martin naye, kwa maoni yangu, aliliona hilo mapema kuliko wengi. Mwaka 2018 alitoa kitabu kiitwacho Fire & Blood, kilichozaa mfululizo mwingine wa HBO, House of the Dragon, ulioanza mwaka 2022. Kitabu hiki hakikuandikwa kama hadithi bali kama tarehe, na mwenye kusimulia ni mwanachuoni wa kubuni aitwaye Gyldayn. Gyldayn hakuyashuhudia mambo hayo. Ameyapokea kwa mtu wa dini aitwaye Eustace, kwa mwanachuoni mwenziwe Munkun, na kwa mchekeshaji wa jumba la mfalme, Mushroom, ambaye hafungui kinywa ila kwa machafu. Wanapopingana, Gyldayn huweka maneno yao yote mezani, akakuachia wewe.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kwani nilijiona nimerudi chuoni, nimeketi mkekani mbele ya mwalimu wangu, Mungu amrehemu. Mtu akimletea habari, mwalimu hakuuliza kwanza kama ni tamu. Aliuliza, "Umeipokea kwa nani?" Nisieleweke vibaya. Elimu ya wapokezi wa hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, ni elimu tukufu, nami siiweki sahani moja na visa vya majoka. Nasema tu kwamba mtu aliyelelewa kwa swali lile halimtoki, hata akisoma bei za samaki gazetini.

Televisheni, masikini, haiwezi kusema "wengine wanasema". Picha ni moja, na lazima ichague. Kwa hiyo katika kitabu mumewe Rhaenyra, aitwaye Laenor, ameuawa, ilhali kwenye televisheni kifo kile ni hila, naye akapanda mashua akaenda zake. Kitabuni malkia Alicent amemzidi Rhaenyra umri kwa miaka kama tisa. Kwenye televisheni ni marika, tena walikuwa mashoga tangu usichanani, na vita vyao vikapata uchungu ambao kitabu hakikuwa nao. Hapo mimi nakiri kwamba mwanafunzi aliongeza, hakupunguza.

Mahali pengine alipunguza. Katika kitabu wauaji wanamlazimisha mama achague ni yupi kati ya wanawe wawili wa kiume afe. Anamtaja mdogo, Maelor, nao wakamwua mkubwa, na yule mdogo akabaki hai na neno lile la mamake. Televisheni, mwaka 2024, ilimwondoa Maelor kabisa. Mama akabaki na mwana mmoja wa kiume na binti mmoja, na chaguo lile halikuwapo tena. Mwezi wa Septemba mwaka huo Martin aliandika malalamiko yake hadharani, akieleza kwamba ukimtoa mtoto mmoja leo, kesho yataanguka mengi yaliyomwegemea. Haukupita muda, maneno yale yakaondolewa.

Tazama basi. Mtunzi, ambaye jina lake limeandikwa miongoni mwa waasisi wa mfululizo ule ule, pamoja na Ryan Condal, hana neno la mwisho juu ya mtoto aliyemzaa kwa kalamu yake.

BETI ILIYOPOTEA

Jambo hili lilinigusa kwa sababu limenipata. Nilipokuwa kijana nilitunga shairi la beti saba kumliwaza rafiki yangu aliyefiwa na mkewe. Beti ya saba ndiyo niliyoisumbukia siku tatu. Nikalipeleka kuchapishwa, likatoka na beti sita. Labda nafasi ilikuwa finyu, labda mhariri hakuipenda. Niliona uchungu, nikanyamaza.

Miaka mingi baadaye, nikiwa katika hitima moja, nikamsikia mama mtu mzima akilisoma shairi lile kwa moyo, na watu wakitokwa na machozi. Lilikoma kwenye beti ya sita. Baadaye nikamwendea kwa adabu, nikamwambia, "Bibi, shairi hilo ni langu, nalo lina beti moja zaidi." Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo ni nzuri, mwanangu, lakini ni yako wewe. Hizi sita ni zetu."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Leo sina hasira tena, ila sijakubali pia. Beti ya saba ningali nayo, na anayeniuliza humsomea.

Hata shujaa wetu Fumo Liyongo yuko katika hali hiyo. Edward Steere alichapisha habari zake mwaka 1870, na Muhammad Kijumwa wa Lamu alizitungia utenzi mwaka 1913. Vinywani mwa watu, wako wasemao aliyemchoma kitovuni ni mwanawe, wako wasemao ni mpwawe. Hajatokea mwenye mali wa kututangazia ipi ni rasmi, na Liyongo hajafa kwa hilo.

Lakini pana jambo la kuogopa. Martin alizaliwa mwaka 1948, na tangu mwaka 2011 wasomaji wanamngojea kitabu cha sita. Ikiwa hakitakuja, mwisho utakaobaki ni ule wa televisheni, upendwe usipendwe. Asiyesema husemewa. Na hilo si la Marekani pekee. Kila mzee wa kwetu anayeondoka na tenzi kifuani humwachia neno la mwisho mtu mwingine, hata kama mtu huyo alisikia nusu.

HUKUMU YANGU

Basi nikawaita wale wawili barazani. Kijana nikamwambia, "Wewe umepokea kwa televisheni, na katika televisheni Barristan amekufa. Huna makosa." Binti nikamwambia, "Wewe umepokea kwa mtunzi, na kwa mtunzi yu hai. Nawe huna makosa. Makosa ni kusema neno bila kusema mlikolipata. Mwenye mali ana haki ya kuamua kitakachotengenezwa kesho. Hana haki ya kufuta mlichosoma jana."

"Lakini baba," akasema binti, "na mtunzi akisema vingine baadaye?"

"Hapo," nikamjibu, "utakuwa na riwaya tatu."

Wakacheka, wakarudi ndani, na haikupita dakika tano sauti zikapanda tena. Nami nikaagiza kikombe kingine, nikaandika beti hii:

Mwenye mali ana mali, ya kuuza na kunadi,
Mtunzi tangu awali, alishatoa ahadi,
Na msikizi kwa swali, hutafuta mashahidi,
Riwaya zikiwa mbili, kila moja na sanadi.