Sola ya wazazi: Usisahau kile kisanduku ukutani

IKIWA unajiandaa kuwapelekea wazazi sola mashambani, msomaji, yamkini umekwisha kuuliza bei ya paneli na ya betri. Lakini je, umeuliza kuhusu kontrola, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya hizo mbili? Hapo ndipo pesa za wengi hupotelea.

Chukua paneli ya wati 250 yenye seli 60. Juani, hufanya kazi vyema kwenye volti 30 hivi, ilhali betri ya nyumbani ni ya volti 12. Kontrola ya bei nafuu, iitwayo PWM, huziunganisha moja kwa moja, basi paneli hulazimika kushuka hadi volti za betri, kama 13. Ampea zake hubaki zile zile nane na kitu. Zidisha mwenyewe: hazifiki wati 115. Zaidi ya nusu ya paneli uliyolipia inaota jua bure!

Kontrola ya MPPT, iliyo ghali zaidi, hushusha volti lakini huongeza ampea hadi 18 hivi. Hata hivyo usiikimbilie. Paneli ya seli 36, yenye volti 18 hivi, iliundwa kwa betri ya volti 12, na PWM yaitosha nyumba ya taa tatu na redio. Geuza paneli dukani usome kibandiko cha nyuma; nambari iliyo kando ya Vmp ndiyo itakayokuambia. (Jihadhari pia na PWM zilizobandikwa jina la MPPT.)

Kisha kuna inveta, inayogeuza volti 12 kuwa 240 kama stima ya mjini. Wengi huunganisha kila kitu kwayo, nami sioni haja. Inveta hula umeme hata pasipo kilichowashwa. Ikila wati 10, kwa siku nzima ni wati-saa 240. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, na haifai kutumiwa kupita nusu. Kwa hivyo asilimia 40 ya akiba itakuwa imemezwa kabla Mama hajawasha runinga.

Taa, simu na runinga ndogo ya volti 12 ziungwe kwenye kontrola. Inveta iungwe kwenye betri yenyewe, iwashwe inapohitajika, kisha izimwe. Waya wake uwe mnene na mfupi, kwani mzigo wa wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80, na waya mwembamba utashika moto.